Transfoma za Majumba ya Biashara na Waya wa Ardhi

Katika mazungumzo ya leo twakusudia kuieleza sehemu ya mtambo wa umeme ambayo haitoi mwanga, haizungushi gurudumu, wala haisikiki mlio. Na kwa sababu hiyo waijuao ni wachache. Sehemu hiyo ni waya wa ardhi, na hasa namna unavyofungwa kwenye transfoma katika majumba ya biashara: hoteli, benki, maduka makubwa, maghala, na majengo marefu ya ofisi. Habari hizi zawahusu mafundi, lakini si wao peke yao. Zamhusu mwenye nyumba alipaye gharama, na mpangaji mwenye duka. Zamhusu mpishi afunguaye mlango wa friji kwa mkono uliolowa, na mfagiaji apitishaye tambara la maji sakafuni usiku, wenye ofisi walipokwisha kwenda zao. Hao wawili wa mwisho ndio waumiao kwanza panapokuwa na kosa, nao ndio wasioulizwa neno lo lote wakati wa kujenga.

Tungependa msikilizaji akumbuke jambo moja, hata akisahau mengine yote. Nalo ni hili: kimwokoacho mtu si udongo, bali ni njia nzima ya madini, itokayo kwenye kila chombo cha chuma na kurudi mpaka kwenye transfoma. Udongo nao una kazi yake, nasi tutaieleza. Lakini mtu aliyepigilia fimbo ya shaba ardhini akadhani amekwisha maliza, amefanya nusu ya kazi tu, tena ile nusu iliyo ndogo.

Kwanza tuitazame transfoma yenyewe. Umeme husafirishwa kwa volti nyingi, kwa maana volti zikiwa nyingi mkondo huwa mdogo, na mkondo mdogo hupoteza nguvu chache njiani. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki nyaya za mitaani huchukua volti 11,000. Nyumba ya kawaida hupata umeme wake kutoka transfoma iliyo juu ya nguzo, nayo huwatosha majirani wengi kwa pamoja. Lakini jumba kubwa la biashara mara nyingi huwa na transfoma yake peke yake, uani au katika chumba cha chini. Transfoma hiyo huzipunguza volti 11,000 hata zikawa kiasi cha 400 baina ya nyaya mbili za moto, na kiasi cha 230 baina ya waya mmoja wa moto na waya ule uitwao nyutro.

Ndani ya transfoma mna kiini cha mabamba ya chuma, na juu ya kiini hicho zimezungushwa nyaya mafungu mawili. Fungu la kwanza hupokea volti nyingi, na fungu la pili hutoa volti chache. Mafungu haya hayagusani. Umeme hautoki katika waya wa kwanza ukaingia katika wa pili kama maji yapitavyo katika bomba. Mkondo wa fungu la kwanza huamsha nguvu ya sumaku katika chuma, na sumaku hiyo, kwa kubadilika daima, huamsha umeme mwingine katika fungu la pili. Jambo hili lilionyeshwa na Michael Faraday mjini London mwaka 1831, alipozungusha nyaya mbili juu ya pete moja ya chuma. Mwaka 1886 William Stanley aliwasha taa za maduka katika mji wa Great Barrington, Marekani, kwa transfoma za namna hii, na tangu hapo zimeenea ulimwenguni.

Kutogusana huko ndiko mzizi wa mazungumzo yetu. Maadamu mafungu mawili hayagusani, umeme wa fungu la pili ni umeme mpya, wenye chanzo kipya. Hauna uhusiano wo wote na ardhi mpaka sisi tuupe uhusiano huo kwa mikono yetu. Hata kama upande wa kwanza umefungwa ardhini kwa uangalifu mwingi, upande wa pili haurithi kitu.

Hapa msikilizaji aweza kuuliza: Kwa nini basi tusiuache hivyo hivyo? Umeme usio na uhusiano na ardhi si utamwacha salama mtu asimamaye juu ya ardhi? Swali hili ni la haki, na wahandisi wa zamani walibishana juu yake kwa miaka mingi. Jibu lina sehemu tatu.

Kwanza, siku moja kile kizuizi kilicho baina ya mafungu mawili chaweza kuungua au kupasuka. Hapo volti 11,000 huingia katika nyaya zilizotengenezwa kwa ajili ya volti 400, na kupanda nazo mpaka kwenye taa, soketi na mashine zilizo mikononi mwa watu. Kama fungu la pili limefungwa ardhini, umeme huo mkali hupata njia ya kutokea, na fyuzi za upande wa kwanza hukatika. Kama halikufungwa, hapana kiuzuiacho.

Pili, radi. Radi ipigayo karibu na nyaya za nje huamsha volti nyingi mno ndani yake, na nyaya zisizo na uhusiano na ardhi zaweza kupanda kwa ghafula hata ngozi yake ya mpira au plastiki ikatoboka.

Tatu, nalo ni jambo la kila siku: katika mtambo usiofungwa ardhini, waya mmoja wa moto ukigusa chuma hakuna litokealo. Fyuzi haikatiki, taa haizimiki, wala hapana ajuaye. Walakini tangu saa hiyo nyaya nyingine mbili za moto zimepata volti 400 kuelekea ardhi badala ya 230, na kosa la pili likitokea ghorofa nyingine, mkondo mkubwa hupita katika vyuma vya jengo. Ziko sehemu chache ambako mtambo wa namna hii hutumiwa kwa makusudi, kama vyumba vya kupasulia wagonjwa hospitalini, ambako si vyema umeme ukatike katikati ya kazi. Lakini huko huwekwa chombo cha kuulinda mchana na usiku, nacho hupiga kelele mara kosa la kwanza litokeapo. Katika hoteli au duka, ambako hapana mlinzi wa namna hiyo, mtambo huo ni mtego.

Kwa sababu hizi kanuni za nchi nyingi zimekata shauri. Katika Marekani kanuni kuu za umeme zilichapwa mara ya kwanza mwaka 1897, na zilipofanyiwa marekebisho mwaka 1913 ziliamuru upande wa pili wa transfoma ndogo za taa ufungwe ardhini. Leo ndiyo desturi ya kawaida katika majumba ya biashara karibu kila mahali.

Sasa tuone linavyofanywa. Katika transfoma ya nyaya tatu za moto, ncha tatu za fungu la pili hukutanishwa mahali pamoja, na mahali hapo huitwa nukta ya nyota. Nyutro hutoka hapo. Fundi hufanya kazi mbili, nazo yatupasa kuzitenga, kwa kuwa watu huzichanganya na madhara huanzia hapo.

Kazi ya kwanza ni kutia ardhini. Waya mnene wa shaba hutoka kwenye nukta ya nyota ukaenda mpaka kwenye fimbo, mabamba, au vyuma vya msingi vilivyozikwa katika udongo. Kazi ya pili ni kuunganisha vyuma. Kiungo cha shaba hufungwa baina ya nyutro na sanduku la transfoma, na baina ya hapo na bamba kuu la shaba ambalo nyaya zote za ardhi za jengo hukutana. Kutoka bamba hilo nyaya zenye rangi ya kijani na manjano huenda kwenye kila ubao wa swichi, kila soketi, kila mashine. Na nyingine huenda kwenye mabomba ya maji ya chuma, nguzo za chuma, reli za lifti na mifereji ya bati ya kupitishia hewa. Kazi ya kwanza huulinganisha mtambo na ardhi. Kazi ya pili huupa umeme uliopotea njia ya kurudi kwao.

Twasema kurudi kwao, kwa maana watu wengi hudhani ya kuwa umeme hupenda ardhi na kuzama ndani yake kama maji yazamavyo mchangani. Sivyo. Maji hufuata mkondo, na umeme nao hufuata mzunguko. Lakini mwisho wa safari yake ni pale ulipoanzia. Umeme wa transfoma huirudia transfoma ile ile uliyotoka. Ukipitia katika udongo, ni kwa kuwa udongo umekuwa njia ya kurudia, tena njia mbaya.

Ubaya wa njia hiyo twaweza kuuonyesha kwa hesabu nyepesi. Volti ni nguvu ya msukumo. Omu ni kipimo cha kizuizi. Na ampea ni wingi wa mkondo upitao. Ukigawanya volti kwa omu wapata ampea.

Tuseme katika jiko la hoteli waya wa moto umechubuka, ukagusa mwili wa friji. Friji imefungwa kwenye fimbo iliyopigiliwa nje ya jiko, yenye kizuizi cha omu 20, na transfoma ina fimbo yake yenye omu 5. Lakini hapana waya wa shaba unaoziunganisha. Mkondo utapita katika udongo, na kizuizi chote ni omu 25. Gawanya 230 kwa 25: wapata ampea 9 na kidogo. Fyuzi ya jikoni ni ya ampea 32. Je, itakatika? Haitakatika kamwe. Itaona mkondo huo kama birika moja la chai. Na mwili wa friji utabaki na volti 184 kuelekea ardhi, usiku na mchana, ukimngojea mtu. Mwili wa binadamu aliyelowa waweza kuwa na kizuizi cha omu 1,500 hivi. Basi aishikaye friji hiyo, miguu yake ikiwa sakafuni, aweza kupitiwa na zaidi ya sehemu 100 katika elfu ya ampea. Na yajulikana ya kuwa mkondo uzidio sehemu 30 katika elfu, ukipita kifuani, waweza kuufanya moyo utetemeke badala ya kupiga.

Sasa tuliweke lile lililokosekana. Tuseme friji imefungwa kwa waya wa shaba mpaka kwenye bamba kuu, na bamba limeunganishwa na nyutro ya transfoma. Kizuizi cha mzunguko wote, kwenda na kurudi, hakizidi sehemu 2 za kumi ya omu. Gawanya 230 kwa hizo: wapata ampea 1,150, yaani zaidi ya mara 35 ya kipimo cha fyuzi. Fyuzi yakatika mara moja. Kanuni za kimataifa zataka umeme wa volti 230 katika mizunguko ya kawaida ya soketi ukatike kabla ya sehemu 4 za kumi ya sekunde kupita, na mkondo wa namna hii hutimiza sharti hilo bila taabu. Friji yazimika, mpishi alalamika, fundi aitwa. Hilo ndilo kusudi letu: kosa lijitangaze lenyewe kwa hasara ya fyuzi, lisijitangaze kwa maiti ya mtu.

Ni kweli kwamba siku hizi iko swichi ya kukamata uvujaji, ambayo hukata umeme mkondo uvujao ufikapo sehemu 30 katika elfu ya ampea. Swichi hiyo ni neema, na mahali ambapo mteja hapewi waya wa ardhi na shirika la umeme ni ya lazima. Lakini ni chombo chenye viungo vinavyochoka, tena chataka kujaribiwa kwa kubonyeza kitufe chake. Nacho hakikuwekwa kuwa badala ya waya wa ardhi, bali kuwa msaidizi wake.

Tupande sasa ghorofani, kwani katika majumba makubwa transfoma si moja. Marekani ndiko jambo hili linakoonekana wazi kupita kote. Jumba refu la ofisi huko mara nyingi hupokea volti 480 baina ya nyaya za moto, na volti 277 kuelekea nyutro. Mashine za kupoza hewa hutumia 480, na taa za dari zaweza kutumia 277. Lakini soketi za ofisini hutaka 120. Kwa hivyo katika ghorofa, au baada ya kila ghorofa chache, huwekwa transfoma kavu, isiyo na mafuta, ya kugeuza 480 kuwa 208 na 120. Transfoma hiyo hupokea nyaya tatu za moto na waya wa ardhi, pasipo nyutro. Na nyutro yake huzaliwa humo ndani, katika nukta ya nyota ya fungu lake la pili.

Hapa ndipo fundi mwenye haraka hukosea. Aona waya wa kijani umefika pamoja na nyaya za volti 480, naye aufunga kwenye sanduku la transfoma. Atazama, aona sanduku limefungwa ardhini, afunika kifuniko, aenda zake. Lakini nyutro mpya hakuiunganisha na sanduku. Waya ule wa kijani huulinda upande wa kwanza tu: kosa la volti 480 likitokea, umeme utarudi kwa waya huo mpaka transfoma kuu iliyo chini. Upande wa pili umebaki yatima. Waya wa moto wa volti 120 ukigusa mwili wa mashine ya ofisini, umeme wataka kuirudia nyutro ya transfoma ya ghorofa, wala hauna njia ya kuifikia. Fyuzi haikatiki. Ni kosa lile lile la jikoni, limepanda ngazi.

Kwa hivyo kanuni za Marekani huihesabu kila transfoma ya namna hiyo kuwa chanzo kipya, na huamuru ifanyiwe kazi zote mbili upya: kiungo baina ya nyutro na sanduku, na waya wa kwenda kwenye vyuma vilivyoshikamana na ardhi, kama nguzo za chuma za jengo au bomba kuu la maji la chuma. Nasi katika Afrika Mashariki yatupasa kulijua jambo hili, maana mashine za uchapaji, za viwanda na za hospitali zilizotengenezwa kwa ajili ya volti za Marekani zaweza kuletwa pamoja na transfoma zake, na vyumba vya kompyuta navyo huwekewa transfoma za kutenga umeme. Sharti ni lile lile: mafungu mawili yasipogusana, fungu la pili huanza maisha yake upya. Iko aina moja tu iliyo mbali na sharti hilo, nayo ni transfoma yenye fungu moja la waya litumikalo pande zote mbili. Nyutro ya hiyo ni ile ile iliyoingia, basi haifai kuiunganisha tena.

Maana liko kosa la pili, lililo kinyume cha la kwanza, nalo ni kuunganisha mara nyingi. Kiungo cha nyutro na vyuma chapasa kuwa mahali pamoja tu kwa kila chanzo: ama katika transfoma, ama katika ubao wa swichi wa kwanza uufuatao. Nyutro huchukua mkondo kila siku, kwa kuwa mizigo ya nyaya tatu za moto hailingani daima. Waya wa ardhi haufai kuchukua mkondo ila siku ya kosa. Fundi akiziunganisha tena katika ubao wa ghorofa ya tatu, na tena katika ubao wa ghorofa ya tano, akidhani anaongeza usalama, mkondo wa nyutro hugawanyika. Sehemu yake hurudi kwa nyutro, na sehemu hupita katika mabomba ya waya, mabomba ya maji, na reli za lifti. Hapo mtu hushtuka kidogo akigusa bomba, viungo vilivyolegea hupata moto, na vyombo vya sauti na redio huvuma mvumo usio na sababu. Fundi wa maji akilikata bomba hilo aweza kujikuta ameshika ncha mbili za mkondo ambao hakuutarajia.

Liko na kosa la tatu, la wale wapendao kile wakiitacho ardhi safi. Hupigilia fimbo ya peke yake kwa ajili ya kompyuta au mashine fulani, nao huikataza isiunganishwe na waya wa ardhi wa jengo, wakidhani hivyo umeme mchafu hautaingia. Kumbe wameirudia hesabu ya jikoni: njia ya kurudi ni udongo peke yake. Tena radi ikipiga, ardhi ya fimbo moja hupanda volti nyingi kuliko ardhi ya fimbo nyingine, na tofauti hiyo hupita katikati ya mashine waliyotaka kuihifadhi. Fimbo zaweza kuwa nyingi, lakini zote ziunganishwe ziwe jamaa moja.

Sasa tuirudie ardhi yenyewe, tusije tukadhaniwa tunaidharau. Kizuizi chake hutegemea udongo na maji yaliyomo. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulio na unyevu hupitisha umeme vizuri. Mchanga mkavu na mawe ya matumbawe ya pwani hupitisha kwa shida. Fimbo iliyopimwa wakati wa masika ikaonekana njema, yaweza kuwa mbaya wakati wa kiangazi. Kwa hivyo fundi mwangalifu hupima wakati wa ukavu. Kuongeza urefu wa fimbo husaidia kuliko kuongeza unene wake, kwani hufikia udongo wa chini usiokauka. Na fimbo mbili zisipandwe karibu karibu, bali ziachane walau kwa kadiri ya urefu wake. Desturi ya kumwaga chumvi na makaa shimoni hupunguza kizuizi kwa muda, lakini mvua huichukua chumvi, na chumvi yenyewe huila chuma. Katika jumba jipya vyuma vya zege la msingi ni msaada mkubwa, mradi viunganishwe kabla zege halijamwagwa. Mabomba ya maji yaliyotegemewa zamani hayategemeki tena, kwa kuwa mengi yamebadilishwa kuwa ya plastiki.

Tumesema habari za makosa. Basi tulitaje lile lililo baya kuliko yote, nalo ni kwamba makosa haya hayana dalili. Waya wa moto ukikatika, taa huzimika, na mwenye nyumba hupiga simu saa ile ile. Waya wa ardhi ukikatika, taa zaendelea kuwaka, friji yagandisha, lifti yapanda na kushuka, na hati ya malipo yaja kama kawaida. Mtambo ulio mzima na mtambo ulio mtego hufanana mbele ya macho. Na katika miji yetu iko hatari nyingine: shaba ina bei, na wezi huukata waya wa ardhi wa transfoma kwa kuwa wajua ya kuwa umeme hautazimika, wala hapana atakayestuka. Aliyeuza vipande vile vya shaba hawajui watu aliowaweka hatarini, nao hawamjui.

Kwa hivyo waya wa ardhi hautazamwi tu, hupimwa. Twamshauri kila mwenye jumba la biashara amwulize fundi wake mwenye leseni mambo manne, tena asikubali jibu la mdomo ila aonyeshwe hesabu katika karatasi. La kwanza: kiungo cha nyutro na vyuma kipo wapi kwa kila transfoma ya jumba hili, na je, ni kimoja tu? La pili: kizuizi cha mzunguko wa kosa, katika soketi iliyo mbali kuliko zote, ni omu ngapi, nacho chatosha kuikata fyuzi yake kwa muda uliowekwa? La tatu: kizuizi cha ardhi kilipimwa lini, masika au kiangazi? La nne: jenereta ya jumba, ambayo nayo ni chanzo, nyutro yake imefungwa namna gani ipokeapo kazi umeme wa mji ukatikapo? Kipimo kirudiwe baada ya kila ujenzi, baada ya kila wizi, na kwa vipindi vilivyopangwa. Wala asiyekuwa fundi asithubutu kulifungua sanduku la transfoma, hata kama nia yake ni kutazama tu.

Watu wa kazi nao wana sehemu yao. Mpishi akihisi friji inamwuma kidogo mkononi, asicheke wala asivae viatu vya mpira akaendelea. Azime, aondoe plagi kama aweza kufanya hivyo kwa salama, na atoe habari. Na msimamizi apewaye habari hiyo asimjibu kwamba ni jambo dogo. Kuumwa kidogo kwa mkono ndiyo dalili ya pekee ambayo kosa hili hupata kuitoa, na mara nyingi haitolewi mara mbili.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya athari. Kiungo cha shaba baina ya nyutro na sanduku la transfoma ni kitu kidogo, cha bei ndogo, kinachofungwa kwa skrubu chache. Hakuna mgeni wa hoteli atakayekisifu, wala mpangaji atakayeuliza habari zake. Lakini usiku ule waya utakapochubuka nyuma ya friji, na mfagiaji akawa na tambara lake la maji mkononi, hicho ndicho kitakachoikata fyuzi, naye atarudi kwake asubuhi akilalamika kwamba taa za jikoni zilizimika.